Duka la Dada Yupi

Watu wengi wa Kariakoo walimjua Siwema kwa mikono yake kabla hawajalijua jina lake. Alikuwa mpindaji wa khanga. Kila asubuhi alitoka Magomeni, akafungua mnyororo uliofunga cherehani yake kwenye nguzo ya baraza la duka moja la vitambaa, akakaa kitini na kusubiri. Mteja alinunua doti yake ndani, akatoka nayo nje akamkabidhi, na kabla hajamaliza glasi ya maji ya miwa pale jirani, khanga zilikuwa zimeshakatwa katikati, zimepindwa pande zote mbili, na zimekunjwa. Mshono wake haukuwahi kwenda upande. Wanawake wa kutoka Temeke na Mbagala walilipita baraza zima lenye mafundi wengine wakamfuata yeye.

Aliishia darasa la saba. Kiingereza alichobaki nacho kilikuwa cha kumsalimu mwalimu na kumwomba ruhusa ya kwenda chooni. Aliolewa akiwa binti mdogo, akaachika alipoonekana hazai, akarudi nyumbani Magomeni akamkuta mama yao kitandani. Mama alipofariki alimwachia chumba kimoja na mdogo wake wa kike, Husna, aliyekuwa bado anavaa sketi ya shule ya msingi.

Siwema hakukaa akatafakari namna ya kulea. Alipinda khanga. Kwa khanga hizo Husna alivaa viatu, alilipiwa sekondari, alifika kidato cha sita, akasoma na chuo cha biashara. Siku ya mahafali yake Siwema alikaa nyuma kabisa ukumbini. Hotuba zote zilikuwa za Kiingereza, akawa anapiga makofi kila alipoona wenzake wanapiga. Husna aliposhuka jukwaani alipita moja kwa moja katikati ya wageni, akamvika dada yake kofia yake nyeusi, na watu wakacheka kwa furaha.

Kazi ya ofisini Husna aliitafuta mpaka soli za viatu zikaisha. Mwisho akasema, "Dada, kwa nini tunatafuta mbali? Wewe una mikono, mimi nina mdomo. Tufungue duka la maharusi."

Wakapata fremu Mtaa wa Narung'ombe, nyembamba, ndefu, iliyobanwa kati ya duka la maua ya plastiki na ngazi za jengo. Fedha zilizotokana na jasho la khanga zikanunua cherehani ya umeme, vioo viwili na majora ya satini. Siwema alikaa nyuma, akashona magauni na mashela. Husna alikaa mbele, akawapokea mabibi harusi na mama zao na mashangazi zao, akawabembeleza, akawatuliza walipogombana. Akiona mteja ni mgumu alimpa soda na kumwambia, "Ngoja dada mwenyewe akupendezeshe," kisha akamwita Siwema kutoka nyuma, na Siwema alikuja na pini zake mdomoni.

Jina alichagua Husna. Bango lililetwa likiwa limefungwa kwa magazeti, maandishi ya dhahabu juu ya rangi ya maziwa: SISTER'S BRIDAL. Siwema alisimama barabarani, mikono kiunoni, akalisoma herufi kwa herufi. Alikwama kwenye kile kimkato kilichoning'inia kabla ya S ya mwisho.

"Na hiki cha nini? Mbona kama cha ng'ombe?"

Husna alicheka hadi akashika ukuta. Lakini lilikuwa swali la haki. Mtaa wenyewe waliosimama ulikuwa Narung'ombe, na Siwema alikumbuka vizuri alivyofundishwa: ile ni ritifaa, kazi yake ni kuifanya sauti itokee puani. Tangu bango lifunguliwe alikuwa anajaribu kulitamka neno lile kwa pua na halikubali.

"Kwa Waingereza hiyo ndiyo inayoonesha kitu ni cha nani, dada," Husna akamweleza. "Sisi tunasema duka la fulani. Wao wanaweka ritifaa na s, basi, imetosha."

"Kwa hiyo hili la nani?"

"La dada," Husna akasema, akampiga kibao chepesi begani, akaenda kumlipa fundi.

Siwema aliridhika. Aliona hata limekaa vizuri, maana mtu akisema duka la dada Kariakoo anaeleweka. Akarudi ndani kwenye kazi yake, na kwa miaka yote iliyofuata hakulitazama tena lile bango ila pale vumbi lilipozidi.

Kuhusu leseni, namba ya mlipakodi na mkataba wa fremu, hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Siku ya kuvifuatilia Siwema alikuwa na gauni la watu mezani, harusi kesho yake. Alisema mwenyewe, huku akikanyaga mashine, "Nenda wewe, andikisha jina lako. Mimi ofisi zile zinanitoa jasho." Husna akaenda. Jioni akarudi akasema tayari, wakaagiza chipsi mayai wakala pamoja sahani moja.

Husna aliolewa na Khalfani, kijana mpole aliyekuwa akitoa mizigo ya watu bandarini. Siwema alimshonea gauni ambalo mpaka leo wapo wanaolisimulia. Wakazaliwa Salma, kisha Seifu, na wote wawili walilelewa nusu nyumbani nusu dukani, wakalala juu ya majora ya satini, wakamwita Siwema mama mkubwa. Yeye ambaye hakujaliwa mtoto alikuwa akiwakata kucha, akiwaogesha, akiwapeleka kliniki. Maisha yakawa na utaratibu wake, na Siwema hakutamani kingine.

Kisha siku moja, katikati ya mchana, Husna alikuwa anamvisha bibi harusi shela mbele ya kioo. Akasema, "Dada, kichwa." Alilisema taratibu tu, kama mtu anayeomba pini. Siwema alipotoka nyuma alimkuta ameshakaa chini, shela la watu bado mkononi, bibi harusi amesimama na gauni halijafungwa mgongoni, anapiga kelele. Walimpakia kwenye bajaji. Hospitali walisema ni presha, imepasua mshipa kichwani. Hakuongea tena. Alfajiri ya siku ya pili akafariki.

Siwema aliosha maiti ya mdogo wake kwa mikono yake, pamoja na wanawake wa mtaani. Hilo aliliweza. Lililokuja baadaye ndilo lililomshinda.

Baada ya arobaini Khalfani aliwaita watu wachache nyumbani kwake. Alikuwepo sheikh wa msikiti wa karibu, mzee mwenye sauti ya chini. Alikuwepo Uledi, kaka mkubwa wa Khalfani, mfanyakazi wa ofisi moja huko Posta, mtu asiyekuwa na haraka katika maneno. Na alikuwepo Siwema, aliyekaa mkekani karibu na mlango, Seifu amemlalia mapajani.

"Mirathi ni jambo la dini, wala si la ugomvi," Uledi alianza. "Marehemu ameacha mume na watoto. Na ameacha duka."

"Duka letu," Siwema akasema. Hakusema kwa kubisha. Alidhani anamsaidia kukumbuka.

Uledi akamgeukia. "Lenu kivipi, shemeji?"

Hapo ndipo Siwema alipoanza kuona giza. Alieleza habari za khanga, za cherehani, za kukaa kwake nyuma miaka yote ile. Alieleza vibaya. Alirudia rudia, akaruka mambo, akajikuta anasimulia viatu vya shule vya Husna, kitu ambacho hakuna aliyekiuliza. Khalfani alikuwa ameinamisha kichwa. Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole kwamba katika kurithi, akiwapo mtoto wa kiume, dada wa marehemu hapati fungu. Kama anadai walikuwa washirika, hilo ni jambo jingine, si urithi bali ni haki yake, ila litahitaji ushahidi.

"Upo?" sheikh akauliza.

"Wote wanajua," Siwema akasema.

Uledi alitoa simu yake, akatafuta picha, akamsogezea. Ilikuwa picha ya bango.

"Shemeji, nisikilize bila hasira. Mimi sitaki kukudhulumu. Unaiona hii ritifaa? Imekaa kabla ya s. Maana yake dada mmoja. Mngekuwa wawili, s ingetangulia, kisha ritifaa ikafuata. Marehemu alikuwa msomi. Alijua anachokiandika."

Siwema aliitazama ile picha. Macho yalikwenda kwenye S, yakarudi kwenye kimkato, yakaenda tena. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba kulikuwa na mahali pawili ambapo kingeweza kukaa. Hakujua hilo. Miaka yote alipita chini yake na ndoo ya maji na hakujua.

"Ni kosa la fundi," akasema.

"Huenda," Uledi akajibu, akairudisha simu mfukoni. "Lakini leseni nayo ni kosa la fundi?"

Siku zilizofuata Siwema hakuweza kutembea Kariakoo kama zamani. Kila alipoinua macho aliiona ritifaa. Ilikuwa kwenye maduka ya viatu, kwenye saluni, kwenye mikokoteni ya juisi, imerushwa rushwa kama chumvi, mahali pengine kabla ya s, mahali pengine baada yake, na pengine imesimama peke yake mwisho wa neno bila s wala chochote. Alisimama mbele ya kibanda kilichoandikwa CHIP'S akajiuliza hizi chipsi ni za nani. Muuzaji akamwuliza, "Kavu au mayai, mama?" Akaondoka bila kujibu.

Alimtafuta yule fundi wa mabango. Bado alikuwa anafanya kazi mtaa wa Gerezani, sasa na mashine kubwa ya kuchapa. Alimsikiliza huku akiendelea kukata plastiki.

"Mama yangu, nimetengeneza mabango mangapi? Mimi naandika nilichopewa."

"Na hilo ulipewa hivyo?"

"Hilo sikumbuki. Naweza nikawa nilipewa hivyo. Naweza nikawa niliona hapo ndipo pana nafasi."

Ndipo akaenda kwa Mwalimu Severine. Huyu alikuwa mtu wa Masasi, mwembamba, aliyefundisha wafanyabiashara Kiingereza katika chumba cha ghorofa ya pili, juu ya duka la mabegi. Siwema alimfahamu kwa sababu alimshonea mkewe gauni la kanisani. Alimkuta anafuta ubao, wanafunzi wameshaondoka.

"Karibu, mama. Umekuja kujiandikisha?"

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu, mwalimu. Ukinijibu naondoka."

Mwalimu alichukua chaki akaandika lile neno mara mbili, moja juu ya jingine, ritifaa imehama kwa nafasi ya herufi moja tu. Akamweleza polepole, kwa Kiswahili, bila kumdharau. Hili la juu, dada mmoja. Hili la chini, madada wawili au zaidi. Ukiyatamka yote mawili hayana tofauti, sikio haliwezi kukusaidia, tofauti iko kwenye maandishi peke yake.

"Kwa hiyo shemeji yangu amesema kweli."

"Kuhusu kanuni, amesema kweli. Kuhusu mdogo wako alimaanisha nini, hajui shemeji yako wala mimi. Mama, mimi mwenyewe nawasahihisha watu wenye shahada zao, na kila wiki wanarudia kosa hilihili. Ukiniuliza kama mwalimu, nitakwambia hapa ameandikwa dada mmoja. Ukiniuliza kama mkazi wa Kariakoo, nitakwambia sijui."

Siwema aliyakodolea macho yale maneno mawili ubaoni.

"Na kama ni mmoja," akauliza, "ni yupi?"

"Hiyo alama haisemi ni yupi. Inasema tu kwamba ni mmoja, na kwamba kitu ni chake."

Nje muuza maji alipita akigonga chupa. Siwema alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwanafunzi, mkoba wake juu ya magoti, na kitu kilikuwa kinamjia kutoka mbali. Katika nyumba yao, tangu mama alipokuwa hai, dada alikuwa mmoja. Husna alikuwa Husna, alikuwa mdogo wangu, akaja kuwa mama Salma. Hakuwahi hata siku moja kumwita Siwema kwa jina. Dada, njoo. Dada, kichwa. Duka hili la nani? La dada.

"Mwalimu," akasema. "Mtu akimwita mwenzake dada tu, maisha yake yote. Kisha akaandika hivyo. Anaweza akawa anamaanisha huyo?"

Mwalimu Severine aliiweka chaki chini.

"Anaweza, mama. Kwa Kiingereza hakuna kinachokataza."

"Kwa hiyo ni langu?"

"Nimesema anaweza. Wa kumwuliza ni yeye."

Siwema alishuka ngazi akishika ukuta. Alitaka kufurahi na furaha haikuja. Kama Husna alikosea, basi lilikuwa la wote wawili. Kama hakukosea, basi ama alijiandikia mwenyewe mchana kweupe mbele ya dada asiyejua kusoma alama, ama alimwandikia dada yake zawadi ya maisha, akampiga begani, akaona hakuna haja ya kueleza zaidi. Alijaribu kukumbuka uso wa Husna siku ile. Alikumbuka kicheko tu. Kilifaa kwa yote matatu.

Alilipeleka hilo kwa sheikh, Uledi akaitwa. Uledi alisikiliza, akakuna kidevu.

"Shemeji, wateja wote walimwita marehemu dada Husna. Au uongo?"

Haukuwa uongo. Kariakoo kila muuzaji wa kike ni dada. Siwema akaaga.

Aliwaendea mashahidi. Fatuma, jirani wa maua ya plastiki, alimkumbatia, akalia naye, akamtolea stuli.

"Shoga yangu, nimekuona humo kila siku ya Mungu. Lakini nikisimamishwa nikaulizwa mwenye duka nani, nitasema nini? Kodi alikuwa anapeleka Husna. Ukiniponza kwa mwenye nyumba, fremu yangu mwenyewe nitaipata wapi? Usinifanyie hivyo, Siwema."

Mwenye nyumba, Mzee Ismail, aliyapokea maamkizi yake, akasema kwamba yeye anamjua aliyetia saini, Mungu amrehemu, na kwamba mambo ya nyuma ya cherehani hayamhusu.

Mtu akamwelekeza kwa Violeth, mwanamke aliyewasaidia watu masuala ya sheria bila malipo katika ofisi ndogo karibu na Mnazi Mmoja. Violeth alimsikiliza vizuri kuliko wote. Aliuliza maswali ya maana, akaandika, akasema kesi inaweza kufunguliwa, si rahisi, lakini inaweza.

"Nitakuwa namshitaki nani?" Siwema akauliza. "Uledi?"

"Hapana, mama. Duka sasa ni mali ya warithi. Utakuwa unadai dhidi ya mirathi, yaani mume na watoto."

"Salma na Seifu."

"Kisheria, ndiyo."

Siwema alimshukuru. Alimwambia atafikiria, na wote wawili walijua kwamba hatarudi. Utamwambiaje mtoto uliyemkata kucha kwamba unamdai mbele ya hakimu?

Aliyebaki alikuwa Khalfani. Alimvizia siku moja anapotoka kazini, wakasimama kando ya ukuta, malori yanapita.

"Shemeji, wewe unajua. Ulikuja dukani unamchumbia, ulimkuta nani kwenye mashine?"

Khalfani alijifuta uso kwa mkono wa shati. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba kama ya ndege.

"Najua, dada Siwema. Wallahi najua. Lakini Kaka ndiye mkubwa, ndiye aliyesimamia kila kitu tangu siku ile. Mimi sina kichwa. Nikiamka sijui niwavalishe watoto nini. Nikimpinga Kaka nitabaki na nani?"

Siwema alikuwa amekuja na maneno mengi. Alimwona amesimama pale, shati limekosewa vifungo, yote yakampotea. Akamfunga vifungo upya, kama anavyomfanyia Seifu, akamwambia aende nyumbani, watoto wanamsubiri.

Uledi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu zaidi. Angekuwa mwizi, Siwema angepiga kelele mtaa mzima ujae. Lakini alimpangisha duka mfanyabiashara aitwaye Jacqueline, aliyeleta magauni yaliyokwisha kushonwa kutoka nje, na faida akaielekeza kwenye ada za Salma na Seifu. Tena alimwombea Siwema abaki pale kama fundi wa kurekebisha, wa kupunguza na kuongeza, kwa mshahara wa kila mwezi. Sheikh alisema ni jambo jema. Watu walisema Siwema ana bahati, wenzake hufukuzwa na ndoo zao.

Bango liliteremshwa yeye akiwa nyuma anapiga pasi. Alisikia nyundo, akadhani ni ya jirani. Alipotoka, ukuta ulikuwa umeshapakwa rangi mpya na watu wanapandisha jingine, la taa, lenye jina refu ambalo hakujaribu kulisoma.

Jacqueline alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye heshima. Alimwamkia kila asubuhi, alimnunulia chai. Lakini alikuwa na njia zake. Alimwomba asitoke mbele wateja wakiwepo mpaka aitwe. Alimwomba asiweke pini mdomoni, ni hatari, akamletea kimto cha sumaku cha kushikia pini. Siwema alikitumia. Kila mara mkono ulipanda mdomoni kwanza, ukakuta hakuna kitu, ukashuka.

Kazi yenyewe haikumpa shida. Alifumua mishono ya mashine za mbali, akaishona upya ikakaa sawasawa. Jioni alirudi Magomeni. Ijumaa alipitia kwa Khalfani akawapikia watoto, na Salma, ambaye alikuwa anarefuka upesi, alianza kumwuliza maswali juu ya mama yake. Alijibu yote aliyoyajua.

Hivyo ukapita mwaka na kidogo. Ikawa siku ya wateja wengi, msimu wa harusi kabla ya Ramadhani, Jacqueline akamwita kutoka mbele, "Mama Siwema, njoo na futi." Akatoka na futi kamba shingoni.

Khalfani alikuwa amesimama karibu na mlango. Alikuwa amenenepa kidogo, amenyoa vizuri. Alipomwona Siwema aligeuza uso nje, kisha akalazimika kuurudisha. Mbele ya kioo alisimama mwanamke kijana, amevua mtandio, amevaa blauzi nyepesi ya kupimiwa.

"Dada Siwema," Khalfani akasema. "Huyu anaitwa Shadya. Nilitaka kuja nyumbani nikwambie. Nilikuwa nitakuja."

"Shikamoo, dada," Shadya akasema, akapiga goti kidogo. Alikuwa na sura nzuri, isiyo na kiburi, na hofu ilikuwa imejaa machoni. "Nimewahi kusikia habari zako. Seifu hamalizi kukutaja. Kama hutaki kunishonea, sitakuwa na kinyongo, nakuapia."

Jacqueline alitazama huku na huku, hakuelewa. Akasema tu kwamba gauni limechaguliwa lile la mikono mirefu, ila limezidi kiunoni, na harusi ni wiki ijayo.

Siwema aliwatazama wote wawili. Alifikiri kukataa, na akili ikamwonesha mara moja yatakayofuata: Jacqueline atauliza kwa nini, Uledi atapigiwa simu, Ijumaa mlango wa Khalfani utakuwa mgumu kufunguka, na Salma atakuwa ndani na maswali yake. Alifikiri kulia, lakini hapo hapakuwa mahali. Alifikiri kumlaani Khalfani, na alikumbuka lile shati.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Akaivuta futi kamba kutoka shingoni. Akamzungushia Shadya kifuani, akasoma namba, akaishika kichwani. Alipofika kiunoni ile ya kwanza ilikuwa imemtoka. Akarudi kifuani akapima tena.

"Nyanyua mikono," akamwambia. "Pumua kawaida. Usikaze tumbo."